Hesabu ya Mwokaji Mikate

26 Februari

Kwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya kuombea radhi ile barua yako ya mwaka jana ambayo bado naijibu kichwani. Natumaini u mzima huko kituoni, na akina mama wako wanameza vidonge kama ulivyowaamuru.

Sisi hatujambo. Kikohozi cha Baba kimekwisha, sasa ugonjwa wake ni redio tu, anagombana nayo kila taarifa ya habari. Mke wangu Mwalimu naye yuko salama, anafundisha hesabu darasa la saba na mimi nyumbani. Bekari inakwenda vizuri. Ile mashine ya kukandia unga nimeipata! Niliifuata mwenyewe, nikaondoka mkesha wa mwaka mpya nikarudi tarehe kumi na tatu mwezi wa kwanza, na usiku wote wa njiani nililala nimeikumbatia isije ikaibwa. Ina kelele kuliko wewe, lakini inakanda kilo hamsini wakati mimi nanawa mikono.

Basi, habari ndizo hizo. Kwaheri.

Nakutania. Kaa chini. Umekaa? Wifi yako ana mimba!

Nimeandika hivyo nikasimama, nikaizunguka meza mara mbili, nikarudi. Dada, ana mimba! Amenikataza kumwambia mtu yeyote mpaka miezi mitatu ipite. Wewe si mtu yeyote, wewe ni dada. Nimemwambia Baba pia, na yule anayetuletea unga, na mama mmoja aliyekuja kununua skonzi na uso wa huzuni, nikaona nimchangamshe. Zaidi ya hao hajui mtu.

Baba alinishika mkono, akasema, "Vizuri." Akatoka. Baadaye nikamkuta uani anapaka mafuta bawaba za mlango, na mlango wenyewe haukuwa unalia.

Ni wiki sita. Nataka uje, dada. Umepokea watoto wa watu miaka kumi na tisa, sasa njoo umpokee wa kwetu. Mikono ya kwanza kumshika iwe yako. Niahidi.

Mdogo wako asiyelala,
Chachu


16 Machi

Chachu,

Marahaba. Ile ya pili nimeizuia mpaka unijibu barua ya mwaka jana.

Hapa tupo. Paa la wodi linavuja upande mmoja, kwa hiyo vitanda vyote vimehamia upande wa pili, na akina mama wanasimuliana habari za waume zao kwa urahisi zaidi. Mwezi huu wamezaliwa kumi na mmoja. Simu bado haishiki. Andika tu, lori la dawa linakuja kila wiki mbili na dereva ananiletea barua zako zikiwa na harufu ya dizeli.

Haya, tuzungumze. Nimeisoma barua yako nimesimama, nilipofika kwenye mimba nikakaa juu ya katoni ya glavu. Nimefurahi mpaka muuguzi mwenzangu akauliza nani kafa.

Wiki sita uliyosema, mtoto ni punje ya dengu. Moyo umeanza kudunda kabla hana uso. Hadi barua hii ikufikie atakuwa kama zabibu moja, ana viwiko, na vidole vimeanza kuachana. Ndiyo shida ya kukuandikia: nikimaliza kumweleza, ameshakuwa mwingine.

Sasa amri. Moja, wifi yangu aanze kliniki wiki hii, si ijayo. Mbili, vidonge vya kuongeza damu, kila siku, hata kama vinamchukiza. Tatu, apimwe wingi wa damu na unitumie namba. Nne, nitumie tarehe ya kujifungua niombe likizo mapema. Tano, acha kuwatangazia wanunuzi wa skonzi.

Msalimie Baba. Mwambie mlango wangu huku unalia kweli.

Dada yako


8 Aprili

Kwa Dada Mwenye Amri,

Shikamoo. Amri nne nimezitii, ya tano nimeshindwa.

Habari za nyumbani ni kichefuchefu. Mwalimu hawezi tena kuvumilia harufu ya hamira, na mume wake mzima ni hamira! Kila nikirudi kazini nasimamishwa nje ya mlango, nanuswa, narudishwa bafuni. Juzi nimeoga mara tatu. Darasani anafundisha na kipande cha limau mfukoni; akigeuka ubaoni analinusa, akigeuka kwa wanafunzi anatabasamu. Wamempa jina la Mama Limau na yeye anadhani hakuna anayejua. Ila wiki hii ameanza kula. Jana alikula mkate nusu, nikaenda nyuma ya tanuri kushangilia peke yangu.

Damu yake ni kumi na moja nukta mbili. Muuguzi amesema nzuri. Je, ni nzuri?

Tarehe ni ishirini na mbili Oktoba. Iandike ukutani.

Baba haji tena bekari jioni. Ule mkeka wake wa kukalia karibu na tanuri nimeukunja nikauweka. Nikimuuliza anasema magoti. Lakini magoti hayohayo yanapanda kiti kupaka mafuta dirisha.

Na hukunijibu. Nilikuomba uniahidi mikono yako, ukanipa amri tano. Nakujua wewe, ukikutana na swali usilolitaka unagawa dawa.

Chachu


5 Mei

Chachu,

Marahaba. Kumi na moja nukta mbili ni nzuri. Isishuke.

Likizo nimepata. Mkunga wa kunishikia atakuja na lori la tarehe kumi na sita Oktoba, na mimi nitarudi na lori hilohilo, niwe kwenu tarehe kumi na nane. Siku nne kabla. Nitalala sebuleni, sitaki mnihamishie kitanda.

Nyongeza. Atajifungulia hospitali. Hata kama uchungu ni mdogo, hata kama jirani anajua mtu anayejua, hata kama mvua inanyesha. Uwe na gari ulilopanga mapema na jingine la akiba. Usiniulize kwa nini nasisitiza.

Mkeka wa Baba usiukunje. Utandike palepale.

Lori linapiga honi.

Dada


24 Mei

Dada, dada, dada,

Shikamoo. Wote wazima. Baba mzima, Mwalimu mzima, mashine nzima. Siwezi kuandika salamu ndefu, nina jambo linaniwasha.

AMEPIGA TEKE!

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwalimu alikuja bekari kuchukua daftari alilolisahau, akakaa juu ya gunia la unga kupumzika. Nikawasha mashine. Ikaunguruma. Mwalimu akashika tumbo, akatoa macho. Nikazima mashine nikidhani ameumia. Akasema, "Washa tena." Nikawasha. Teke! Nikazima. Kimya. Nikawasha. Teke! Tulifanya hivyo mara nane mpaka unga wa skonzi ukawa hauna hali, ukatoka tanurini unafaa kuzibia dirisha. Wateja walinunua hivyohivyo, maana nilikuwa nawaambia kila mmoja kwa nini.

Mimi mwenyewe kwa mkono sijamsikia. Nikiweka kiganja ananyamaza. Ananijua kwamba mimi ni msema ovyo, hataki siri zake zifike barazani.

Hii ni wiki ya kumi na nane. Sasa ana ukubwa gani? Niambie kabla hajabadilika.

Dada, kuna jingine. Nilipomwambia Baba habari za teke, nikamuuliza kama Mama alikuwa akinisikia mimi namna hiyo. Akaenda kutafuta kopo la mafuta.

Nimeoka keki za siku ya kuzaliwa za watu wengi sana. Zipo za ghorofa tatu, ipo moja yenye umbo la trekta. Siku yangu mimi hatujawahi kuoka kitu, kwa sababu ndiyo siku aliyotutoka Mama, na sote tunaipitisha tukiongea taratibu. Sikulalamika na silalamiki. Nataka tu kujua. Ilikuwaje?

Chachu


7 Julai

Chachu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu kwenye foleni ya chanjo, heshima yangu yote imeondoka.

Teke wiki ya kumi na nane kwa mimba ya kwanza ni mapema kidogo, lakini ukoo wetu haujui kusubiri. Sasa, yaani utakapokuwa unasoma, anafungua macho na kuyafumba. Analala, anaamka, ananyonya kidole gumba, anapata kwikwi. Anasikia: moyo wa mama yake, tumbo lake likinguruma, sauti yake. Na yako, kwa bahati mbaya. Ongea naye. Akizaliwa atageuza shingo kukutafuta, nimeliona hilo mara nyingi na bado linanishinda.

Wifi miguu ikivimba sana, au kichwa kikimuuma na macho yakaona vimulimuli, nendeni hospitali palepale, msingoje siku ya kliniki. Vidonge aendelee.

Swali lako nimelisoma. Dereva anasubiri sahihi yangu kwenye katoni za dawa.

Dada


27 Septemba

Kwa Dada Mkubwa anayekuja,

Shikamoo. Umekaribia! Sebule nimeipaka rangi mpaka sofa.

Tumbo la Mwalimu sasa ni meza. Anaweka daftari juu yake anasahihisha, na mtoto anapiga yale yenye makosa, ndivyo anavyodai. Akitaka kuinuka kitini anainua mkono bila kusema, mimi na Baba tunamvuta kama watu wa kupandisha jokofu ghorofani. Mfuko wa hospitali uko tayari mlangoni. Pembeni yake kuna mfuko mwingine mdogo. Nikaufungua: kanda mbili, mswaki, redio. Ni wa Baba! Naye anakwenda.

Mimi nafanya mazoezi. Nachukua donge la unga la kilo tatu, nalifunga nepi. La kwanza lilichomoka. La pili lilifura likapasua nepi. La tano lilikaa vizuri mpaka mteja mmoja akauliza bei.

Damu ni kumi na moja kamili. Magari ni mawili, na jirani ana pikipiki.

Ngoja nikuchekeshe. Hawa wa kliniki hawajui kuhesabu! Jana muuguzi anatuambia, "Jiandaeni, siku yoyote sasa, zimebaki siku kumi na mbili." Nikacheka. Nilishagombana nao tangu siku ya kwanza. Kwa kadi yao, Mwalimu alikuwa tayari na mimba tarehe moja Januari na kuendelea, wakati mimi nimekumbatia mashine ya unga umbali wa siku mbili! Nilirudi tarehe kumi na tatu. Sasa huyo mtoto aliingiaje, kwa posta? Mwalimu akasema niwaache, wana kanuni zao. Mimi nikasema mkate unahesabiwa tangu unapoingia tanurini. Nikapiga hesabu yangu ya kweli, ndiyo hiyo niliyokupa. Mwalimu hajui kama nilikupa hiyo, angenipa sifuri. Lakini utaona tarehe ishirini na mbili nani atakuwa sahihi.

Hapa chini nimekata mstari mmoja. Usiuweke kwenye mwanga kuusoma, nakujua.

▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬

Chachu


1 Oktoba

Chachu,

Leo hakuna salamu. Nitakusalimia mwishoni kama nikikumbuka.

Tarehe ni NANE. Si ishirini na mbili. Wiki moja tangu leo! Miaka kumi na tano unaoka, na hujui kwamba kazi inaanza kabla ya tanuri? Nani anayekupimia unga, nani anayeukanda, nani anayeungoja uumuke? Mimba tunaihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu siku hiyo mwanamke anaijua na ile nyingine haijui mtu. Wiki mbili za mwanzo hakuna mtoto, kuna maandalizi. Hakuna aliyeingia kwako wakati wewe unabembeleza mashine, mpumbavu wangu mpendwa.

Nimezitoa barua zako zote nikazisoma upya. Lile teke halikuwa mapema hata kidogo. Miezi sita nimekuwa nakueleza mtoto ambaye alishapita pale ninapomweka. Na kosa ni langu pia. Mwanamke akiingia hapa, kabla hajakaa namuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Kwako sikuuliza. Nilifurahi nikasahau kazi.

Siwezi kuja. Mkunga mwenzangu bado anakuja tarehe kumi na sita, na hapa nina wanawake watatu ambao wakati wowote wataanza na hawana mwingine. Nimelia kidogo, nimenawa uso. Dereva ameahidi kukupa barua hii mkononi, hata kama ni kukutoa ndani ya tanuri. Kwa hiyo nisikilize vizuri.

Mstari wako nimeuweka kwenye mwanga wa dirisha. Umeandika, "Dada, ni mimi niliyemuua Mama?"

Si wewe.

Mama alijifungulia kwenye kile chumba cha mbele. Ulitoka saa tano asubuhi, umekunja ngumi, una nywele mpaka masikioni, unapiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa. Chumba kizima kilicheka. Aliyekupokea alicheka, jirani alicheka, Baba akaitwa aje aone. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikapenyeza kichwa chini ya kwapa la jirani nikuone. Hatukuwa tumewahi kuona kitu kizuri namna ile. Sote tukakugeukia wewe, tukampa Mama mgongo.

Mama akasema, "Mwanangu, nina baridi." Alikuwa ananiambia mimi. Nikamjibu, "Subiri kidogo Mama, namtazama mtoto."

Tulipogeuka, godoro lilikuwa limelowa lote.

Sijamwambia mtu maneno hayo mpaka leo. Baba naye ana lake la kujilaumu siku ile, na nadhani ndilo analolipaka mafuta. Lakini wewe huna lako. Wewe ulizaliwa tu. Damu ilimwishia kwa sababu hapakuwa na jicho lililomwangalia, na damu ile ikionekana mapema huzuiwa. Nimeizuia mimi mwenyewe kwa mikono hii mara nyingi.

Ndiyo maana sikukujibu uliponiomba nimshike mtoto. Kazini mimi nikishasikia mtoto amelia, nikamweka kifuani kwa mama yake, simtazami tena. Masaa mawili mazima namtazama mama. Wanaonijua wananiita Mkunga Asiyependa Watoto.

Sasa fanya hivi. Siku hiyo waombe wakuruhusu uwe naye. Mtoto akilia, usimtazame. Wa kumtazama watakuwa wengi. Wewe mtazame mke wako: uso, midomo, shuka. Akisema ana baridi, akisema kichwa kinazunguka, shuka likilowa, piga kelele. Usione haya, usingoje uulizwe. Una kelele nyingi, Mungu hakukupa bure.

Salamu kwa wote. Nimekumbuka.

Dada


9 Oktoba

Kwa Dada Mkubwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Baba mzima. Mimi mzima. Mashine imezimwa siku tatu na mji unakula biskuti.

Na Mwalimu ni mzima. Nimeanza na huyo kama ulivyonifundisha.

Dereva alinikuta tarehe tano jioni, natoa mikate. Nikaisoma barua yako juu ya gunia la unga. Mikate ikaungua, sinia tatu, sikusikia harufu. Mwalimu akaja kuuliza kuna nini, nikampa aisome. Aliisoma mara mbili, akakunja, akasema, "Kwanza, tarehe ni nane, nilikwambia. Pili, njoo hapa." Nikalia begani kwake, tumbo likiwa katikati yetu linanipiga mateke.

Kesho yake alfajiri, nikiwa napasha moto tanuri, akasimama mlangoni na kanga begani. "Mume wangu," akasema, "funga duka." Dada, nilikimbia kulia, nikakimbia kushoto, nikavaa viatu vya Baba. Gari la kwanza halikuwaka. La pili likaja, Baba ameshakaa mbele na mfuko wake, sijui aliingia saa ngapi. Njiani Mwalimu anahesabu dakika kati ya uchungu na uchungu, ananisahihisha nikikosea.

Ilichukua mpaka saa tisa alasiri. Sitakusimulia, wewe unayajua. Nitasema tu kwamba nilidhani mimi ni mtu mwenye nguvu kwa sababu nabeba magunia. Mwalimu alinishika kidole hiki ninachoandikia, na mwandiko huu unauona.

Halafu akalia. Mtoto! Dada, sauti ile! Wauguzi wakacheka, mmoja akasema, "Loh, hizi nywele!" Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kugeuka. Nikashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, nikamkodolea macho mke wangu.

"Mtazame mwanao," Mwalimu akasema, anacheka na kulia.

"Bado."

"Baba, hutaki hata kujua ni wa kike au wa kiume?" muuguzi akaniuliza.

"Nitajua baada ya masaa mawili."

Wakanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Huko nje Baba alikuwa ameshaambiwa, akawa anapiga kelele dirishani, "Ni msi—" nikaziba masikio! Ukumbi mzima ulijua mtoto wangu ni nani isipokuwa mimi.

Kondo la nyuma likatoka, kila mtu akasema vizuri. Nusu saa ikapita. Muuguzi alikuwa pembeni anampima mtoto uzito. Mwalimu alikuwa ananisimulia jambo la kuchekesha, akakatiza katikati. Akavuta shuka. Akasema, "Hivi, hapa kuna baridi?"

Dada, nilipiga kelele. Nilipiga kelele ambayo naamini uliisikia huko. Muuguzi akageuka, akafunua shuka, akaacha kutabasamu. Wakaja wanne. Mmoja akawa anaukanda mji wa mimba juu ya tumbo, kwa nguvu, kwa mpango, mimi najua kukanda na nakwambia yule alijua kazi. Mwingine akachoma sindano, mwingine akaweka maji mshipani. Mimi hakuna aliyenitoa, kwa hiyo nilibaki natazama uso. Midomo ilikuwa myeupe kama unga. Nilikuwa nasema jina lake tu. Yeye akawa ananijibu, "Nipo." Nikisema, anajibu, "Nipo." Sijui mara ngapi. Kisha yule mkandaji akapumua, akasema, "Umekaza. Damu imesimama."

Mkubwa wao aliniuliza nilijuaje. Nikamwambia nina dada.

Masaa mawili yalipotimia, Mwalimu amepata rangi, amekunywa uji, akaniambia, "Sasa geuka."

Nikageuka.

Ni msichana. Ana ngumi mbili na nywele mpaka masikioni. Nikasema, "Habari yako, mimi ndiye yule wa kelele," na akageuza shingo. Akanitafuta, dada! Kama ulivyosema! Nikakaa chini sakafuni. Baba alikuwa ameshaingia. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema, "Na wewe ulikuwa hivihivi." Basi. Maneno manne, baada ya miaka thelathini na mbili. Kisha akanisimulia habari za Mama mpaka wauguzi wakatufukuza. Kumbe Mama alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta.

Jana tumerudi nyumbani. Maziwa yameingia leo, na Mwalimu ameamka analia, ameulizwa kwa nini, akasema kwa sababu soksi za mtoto ni ndogo sana. Kisha akacheka. Kisha akalia tena. Wameniambia siku ya tatu huwa hivyo, na kama haitapita baada ya wiki mbili tuseme. Mimi nalia naye, kumpa kampani. Kinyesi cha kwanza cha mtoto kilikuwa cheusi kama lami, nikataka kurudi hospitali na magari yote mawili. Kumbe ndivyo kilivyo. Nepi nafunga vizuri, unga haukunidanganya. Vidonge vya damu anameza, nahesabu mimi, na yeye anahakiki hesabu yangu. Naangalia shuka asubuhi na jioni. Mkeka wa Baba uko palepale karibu na tanuri, leo amekaa juu yake na mtoto kifuani, redio imezimwa.

Tarehe tatu Novemba natimiza thelathini na tatu, na utakuwa bado uko hapa. Nitaoka keki. Baba ndiye aliyeomba. Anataka kipande cha pembeni.

Barua hii inakuja na lori lilelile litakalokuleta. Dereva ameapa kukupa kabla hujapanda, uisome njiani. Nina ombi moja tu. Ukifika, utaingia mlangoni na ule uso wako wa kazini, utataka kwenda moja kwa moja kwa wifi yako kumwangalia macho na midomo. Usiende. Mimi nipo, namtazama, sitamwondolea macho.

Wewe mtazame mtoto.

Mdogo wako,
Chachu